Nilipokea bulangeti la dote kwa mukono mumoja, sababu ya chupa za plastiki

Wakuu wa jukwaa, nawasalimia toka Mabanga, hapa Goma. Shule niliiacha mapema na naandika kwa kidole kimoja, munivumilie. Lakini majina ya watu na maneno yao sisahau, na haya nayaweka hapa bila chumvi.

Mujukuu wangu Neema alipata muchumba, Héritier, kijana mupole.

Baba yake, muzee Byamungu, ni mukubwa katika kiwanda cha juisi na maji ya chupa. Jina la kiwanda naliacha, wale ni wakwe.

Katika ukoo wetu wa Masisi, siku ya dote, yaani mahari, bibi ana zawadi yake: bulangeti. Ng'ombe ni mambo ya wababa, mimi siingii humo. Lakini bibi asipopokea bulangeti, mutoto hatoki.

Sasa musikie.

Asubuhi ya siku ile mvua ilinyesha. Rigoli, mufereji wa barabara yetu, ilikuwa imejaa chupa za juisi za yule yule muzee Byamungu. Maji yakakosa njia, yakaingia kwa jirani yangu Kavira, yakabeba viatu vyake vyote. Kavira akaja kwenye dote na kandambili za bwana wake, kila moja kama boti.

Niko naangalia ile miguu ya Kavira, Héritier akapiga magoti mbele yangu na bulangeti.

Nikasema sipokei.

Watu wakacheka. Walifikiri ni ule muchezo wetu, maana bibi lazima amusumbue mukwe kidogo. Héritier naye akacheza, akaniambia yeye ni bwana wangu pia, niseme ninachotaka.

Nikamwambia, bwana wangu, nataka neno la baba yako. Aokote chupa zake za zamani, azifanye chupa mpya. Akikubali, napokea.

Kicheko kikakatika. Neema akaniinamia sikioni: "Koko, bibi yangu, unaniharibia siku."

Moyo uliniuma, siwafichi. Mutoto nimemulea mimi.

Wakuu, kando kidogo. Nilipokimbia vita nilitoka Masisi na chupa moja ya plastiki. Kambini ilibeba maji yangu, ikabeba na vya majirani: maziwa ya mutoto wa Sifa, mafuta ya Mapendo, hata mbegu za maharagwe za mama Riziki. Aliyeitaka aliomba kwa adabu. Vita viliporudi tukakimbia tena, mimi na chupa yangu. Leo mutu anakunywa mara moja, anatupa. Mimi hilo halijaniingia.

Turudi kwenye dote.

Muzee Byamungu akasimama. Akaeleza vizuri, Kifaransa ndani, kwamba kiwanda kimezoea plastiki mpya, kwamba mutu akisikia chupa imetoka kwenye takataka hatakunywa. Upande wake wote wakaitikia.

Angenyamaza hapo, angenishinda. Lakini alitaka kunibembeleza.

"Mama, usilikatae bulangeti. Ni la kisasa hili. Waliyeyusha chupa za zamani, wakafanya nyuzi. Nilikuchagulia mimi mwenyewe."

Nikaomba nilipapase. Laini kweli, kama shavu la mutoto.

Nikamwuliza: "Papa Byamungu, chupa ya zamani inafaa kulala na mimi, lakini kulala na maji yako haifai?"

Kavira ndiye alianza kucheka. Wakafuata wababa. Mwisho muzee mwenyewe akavua miwani, akapangusa macho.

Akasema kiwanda si chake peke yake, hawezi kunidanganya mbele ya wakwe. Ila atapeleka neno kwa wenzake, na hatachoka kulirudia.

Nikaona mutu anayekataa kudanganya anafaa kuwa mukwe. Basi nikanyoosha mukono mumoja, nikashika bulangeti. Zawadi kwetu inapokelewa na miwili. Nikamwambia Neema aende, mukono wa pili unangoja jibu la kiwanda.

Vigelegele, na Neema akanifinya huku anacheka.

Miezi ikapita. Bulangeti lilikaa juu ya kabati, sikujifunika, na baridi ya Goma munaijua. Siku moja muzee Byamungu akaja mwenyewe na chupa ya maji, rangi yake imefifia kidogo, kama kioo cha zamani. Plastiki yake ina chupa za zamani zilizoyeyushwa, akasema, si zote, lakini wameanza.

Nikaipokea na mikono miwili. Nikanywa mbele yake. Maji ni maji.

Nilichojifunza: hawa wenye viwanda wanaweza. Wanangoja tu mutu awasumbue. Ninyi wenye juisi na maji, kokote muliko, anzeni. Na wewe munywaji, ukikuta chupa iliyofifia dukani usiseme ni feki.

Sasa mulio Kiwanja, Bukavu na mbali zaidi, viwanda vyenu vinafanyaje? Andikeni hapa chini, nitasoma polepole.

Na mwenye mujukuu anayeolewa, aulize kwanza mukwe anafanya kazi wapi, kabla hajanyoosha mukono wa pili.