Ufizi wa Roze

Siku ya kwanza katika atelier, karakana ya meno ya bandia, mkubwa wa kazi, Chef Lokwa, hakunionyesha jino hata moja. Alinifungua mdomo kwa kidole gumba kama mtu anayenunua mbuzi.

"Ufizi yako iko kahawia, pembeni karibu nyeusi," akasema. "Batu hawaangaliaka jino, mutoto. Banaangaliaka kama jino imeota kwako ao imewekwa."

Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne. Hospitali, hapa Kisangani, ilinichukua nifagie unga wa plasta, na yeye akanifundisha kazi yote.

Kazi ilienda hivi. Kwanza chapa ya mdomo, tuliita empreinte: uji mzito ndani ya kijiko cha chuma chenye umbo la taya, unaukandamiza mdomoni, unangoja ugande. Ndani ya chapa hiyo unamimina plasta, unapata taya ngumu kama jiwe. Juu yake unajenga ufizi wa nta na kupanga meno, mgonjwa anajaribu. Kisha nta inayeyushwa, na mahali pake inaingia rezini, ambayo ni unga na maji makali yanayopasua kichwa. Unafunga ndani ya kisanduku cha shaba, unachemsha polepole. Ukikimbiza moto, ufizi unatoka na matundu kama mkate. Aliyepoteza meno machache tu, unamtengenezea kipande chenye ndoano za waya zinazoshika meno yaliyobaki.

Tatizo lilikuwa rangi. Rezini ilikuja roze, rangi ya waridi, kama ufizi wa wale walioitengeneza kwao Ulaya. Chef alikuwa na kopo la unga wa kahawia. Ukichanganya kidogo, ufizi unatoka kama wetu. Lakini Gestionnaire Bosenge, mwenye funguo zote za hospitali, alilifungia kopo lile kabatini. Lilikuwa la wakubwa na matajiri. Jina la Bosenge ninaliandika makusudi.

Siku moja Chef alimwombea mgonjwa mmoja: "Monsieur le Gestionnaire, huyu mama anauzisha sokoni. Atacheka na batu kila siku."

"Mutu mwenye njaa anachaguaka rangi ya sahani?" Bosenge akajibu. "Ashukuru atatafuna."

Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka.

Basi tukawapa watu wadogo roze. Sokoni niliwatambua kwa mbali: wale wanaochekea ndani ya kitenge.

Halafu vita. Kwenye barabara ya Bafwasende nikiwa na mfuko wa plasta nilikutana na mtu mwenye bunduki, wenzake walimwita Komanda Shoka. Naye namtaja. Alifikiri ni unga wa muhogo, akaonja, akatema. "Na wewe onja," akasema, akanipiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yote ya mbele ya juu yalibaki pale. Wenzangu wawili niliokuwa nao hawakurudi kabisa.

Niliporudi mjini, Chef Lokwa alikuwa amekufa kwa ugonjwa na Bosenge amekimbilia Ubundu na kopo pamoja na mashine ya kung'arishia. Mimi nikawa Chef wa atelier tupu. Nilijitengenezea kipande changu mwenyewe, roze. Toka siku hiyo mkono wangu ulijifunza njia ya kwenda mdomoni.

Mwaka jana wakaja kumtolea dot, yaani mahari, binti yangu Neema. Kijana ni Mwagenia, wa wale wavuvi wa pale kwenye maporomoko. Walileta mbuzi, vitenge, na vikapu vya samaki, wengine wabichi bado wanatoa maji. Nikasimama kuwakaribisha, na mkono ukapanda wenyewe. Mkono wangu ni mkubwa, ulifunika mdomo hata na pua.

Msemaji wao, Tonton Basile, alisimama katikati ya kiwanja.

"Bon. Papa Neema, tunanuka?"

"Hapana, hapana," mdogo wangu akadakia. "Ni furaha tu."

"Furaha inazibaka pua? Donc tukienda kuoga ndiyo tutakuwa bakwe?"

Vijana wao wakaanza kuinua vikapu. Mmoja alikuwa amekwisha kumfungua mbuzi. Neema akaita kutoka mlangoni: "Papa, toa mukono! Sema nao!"

Sikuweza. Ndoa ya mtoto wangu ilikuwa inatoka nje ya lango, na mimi nimeshika mdomo. Kile kitako cha bunduki hakikuniumiza hivyo.

Akainuka nyanya wa yule kijana, Koko Albertine. "Wekeni vikapu chini," akawaambia. "Huyu hana chuki na sisi. Anajificha. Mutu anayejificha namujua."

Akanishika kifundo cha mkono, akaushusha mbele ya watu. Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Akafungua mdomo wake: roze, taya nzima.

"Ya hospitali," akasema. "Unajua nani alitengeneza?"

Nilijua. Meno ya chonge nilikuwa nayageuza kidogo kwa ndani, mtu mwingine hafanyi hivyo. Ningeweza kumtaja Bosenge, aliyeifungia rangi.

"Ni mimi, Koko."

Akaniangalia. "Basi ni weye," akasema, akavuta kitenge mdomoni, akarudi kukaa. Tonton Basile akakohoa, mbuzi akafungwa tena, dot ikapokelewa. Neema leo yuko kwake, kwa mumewe.

Kazi nimeiacha kabla ya uzee. Vumbi la plasta na rezini vimekula kifua. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa, unga wa kahawia unapatikana mjini. Mchanganye bila kuuliza mgonjwa ni nani.

Mimi niliupata nikiwa nimeshaacha. Nikaenda kwa Koko Albertine, nikamwambia nitamtengenezea meno mengine, bure, yenye ufizi wa rangi yake.

"Ya nini sasa?" akasema. "Wale nilitaka kucheka nao wamekufa."