Vigelegele Vitano vya Shosho

Nikipita penye gunia la viazi vilivyochimbwa jana, ile harufu ya udongo mbichi ikanipata, masikio yangu husikia gita. Nichekeni tu. Kule Molo, miaka ya sabini ikianza, dada yangu Wanjiku na wenzake watatu walifanyia mazoezi ndani ya stoo ya viazi ya Baba, maana hapakuwa na pengine pa kupigia kelele. Bendi yao waliiita Dada wa Baridi. Baridi yenyewe haikuwa ya mchezo: walivaa soksi mikononi, wamezikata ncha ili vidole vifikie nyuzi. Mimi, mwenye miaka minane, niliketi juu ya magunia nikijiona meneja.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwake gita la umeme lilikuwa kitu cha wanaume wa baa. Hakugomba. Alisema mara moja tu, akimimina chai kwenye kisahani ipoe: "Mtapiga siku ya mavuno, watu waone. Wakiwacheka, hiyo gita sitaki kuiona hapa tena." Wanjiku alikosa hamu ya kula siku mbili. Nami nilisali sala ndefu kuliko zote za maisha yangu, nikimtajia Mungu hata jina la wimbo.

Siku ya mavuno, alasiri, ukumbi wa kanisa ulijaa hadi madirishani. Walipiga wimbo wao wa haraka, wa kuchezeka, mpiga ngoma akiwa ametoa ulimi nje kwa bidii. Ukaisha. Mcheza kwao hutunzwa, lakini watu wa kwao siku hiyo walikunja mikono wakimtazama Baba, wajue kama inafaa kupiga makofi. Nilimwona Wanjiku akianza kuvua mkanda wa gita, nikatamani kulia.

Hapo Shosho, mama yake Baba, akasimama, akarekebisha shali yake, akapiga kigelegele. Cha pili. Cha tatu. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa hupigiwa vitatu, wa kiume vitano, kwa hiyo nilijua amemaliza. Akapiga cha nne, na cha tano. Nilimvuta shali nikamnong'oneza kwamba hao ni wasichana.

"Najua kuhesabu," akasema.

Kina mama wakaitikia, ukumbi mzima ukasimama, na wimbo ule ukarudiwa mara nne. Wazee walicheza kofia zikiwa mkononi. Mwaka haukuisha kabla Dada wa Baridi hawajaitwa Nakuru na Naivasha, na wasichana waliowaona huko wakaanza kutafuta magita yao wenyewe. Hadi leo nikimwona binti jukwaani na gita, nafurahi kana kwamba ni wa kwetu.

Baba ndiye aliyebeba ngoma kubwa kurudi nyumbani, begani. Nilidhani anawasaidia tu. Nilikuwa na watoto wangu nilipoelewa. Vile vitano alipigiwa Baba siku aliyozaliwa, na Shosho, akiwa amelala na kichanga chake, alivisikia kimoja kimoja. Sasa alikuwa akimwambia mwanawe, mbele ya watu wote, kwamba wasichana hawa ni watoto sawa na yeye. Baba alimwelewa papo hapo. Sisi wengine tulikuwa tukicheza.