Barua Pepe Ambazo Mama Pindo Hakuzifungua

Mtaa mzima walimwita Mama Pindo, maana hakuna fundi aliyekunja pindo la sketi likanyooka kama lake. Alikuwa mwepesi wa mkono, mzito wa kusamehe. Kaka yake wa pekee, mpishi wa melini, hakufika kumzika mama yao, na tangu hapo Mama Pindo hakufungua tena barua pepe zake. Aliziona zikiingia, akazipita kama mtu aliyenuniana naye. Mwishowe akabadilisha simu, na akaunti yenyewe akaisahau.

Miaka ikapita. Kaka akarudishwa nyumbani na kiharusi, mkono mmoja umelegea, ulimi haumtii. Hakuwa na mke wala mtoto, hivyo Mama Pindo akamtandikia kitanda kwenye chumba cha cherehani. Kila alipomfunga vifungo vya shati, kaka alimkazia macho, akahangaika na neno, likaishia kooni.

Jumapili moja Mama Pindo akamwita bintiye.

“Nifungulie ile akaunti yangu ya zamani. Mjomba wako aliniandikia mambo, sikuyasoma.”

“Neno la siri unalikumbuka, mama?”

“Ningelikumbuka, ningekuita?”

Binti akacheka, wakaketi sebuleni kubahatisha. Walipokwama, kompyuta ikawauliza swali la usalama: jina la mnyama wa kwanza kufugwa nyumbani.

“Andika Karani.”

“Paka anaitwa Karani?”

“Kutwa alikuwa amelalia makaratasi ya baba. Kaka ndiye aliyembandika hilo jina.”

Akaunti ikafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Binti akapekua kila mahali, hata kwenye takataka, kisha akasoma ilani taratibu: akaunti ilikaa muda mrefu bila kutumika, ujumbe wote umefutwa na haurudishiki.

“Kwa mjomba je? Si nakala zingebaki kwake?”

“Alitumia anwani ya kampuni. Waliifunga alipougua.”

Binti akafunga kompyuta.

Mama Pindo akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Kaka, zile barua zako sikuzifungua. Nilikuwa na hasira. Leo nimezitafuta, zimefutwa zote.”

Kaka akamtazama kitambo. Midomo ikacheza, sauti ikatoka, lakini haikuwa neno. Mama Pindo akainama, akamtegea sikio. Kaka akageukia ukutani. Kama alichoka au aliumia, dada mtu hakujua, na hajui mpaka leo.

Siku hizi akimaliza kushona humsimulia mazishi ya mama yao: nani walikuja, nani aliimba ovyo, nani alimshika mkono kaburini. Akifika mahali pa kusema “wewe hukuwepo”, huparuka. Mara nyingine kaka huguna, naye hukatiza hadithi na kumsubiri, mkono umetulia juu ya shuka, mpaka aone kwamba hakuna kitakachofuata.