Kitabu Alichonichagulia Mwalimu wa Kifaransa

Mwalimu wetu wa Kifaransa alikimbia vita Masisi akafika Goma na mfuko wa vitabu mgongoni. Njiani watu walidhani amebeba unga. Madarasa ya shule yetu ya Mabanga yalikuwa yamejaa wakimbizi, kwa hiyo alitufundishia uani, na akamchagulia kila mwanafunzi kitabu chake.

Mimi alinipa kumbukumbu za binti mmoja aliyekimbia vita. Nilikataa palepale.

“Mama mwalimu, vita naviona kila siku. Sitaki tena kuvisoma.”

“Mutoto wangu, soma kwanza kurasa kumi,” alisema kwa upole. “Ukichoka, unirudishie.”

Kwenye ukurasa wa saba yule binti na dada yake waligombania kitana katikati ya watu wanaokimbia, kisha wakacheka hadi mama yao akawafokea. Nilishangaa. Mimi na dada yangu pia tulicheka njiani tulipokimbia kutoka Sake, na tangu siku hiyo nilikuwa naona haya.

Nilikimaliza kitabu kwa siku mbili. Nilipomrudishia mwalimu, nilimsimulia kicheko chetu, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Sijakutana tena na mwalimu aliyejua hivyo kitabu gani kinamfaa nani.