Mjomba na Daraja E

Mjomba wangu alikuwa dereva wa semi, na kwetu Mwembesongo hilo lilitosha kutufanya watoto tutembee vifua mbele. Akitoka Gairo na shehena ya mahindi, alipitia kwetu kunywa chai, kisha alianza somo lake la leseni. Hakuna aliyemwomba. D ni gari dogo la kazi. E ni malori na matela. Abiria wana madaraja yao: C basi kubwa, C1 basi dogo kama Costa. Tulipiga miayo waziwazi, yeye wala hana habari. Leo ningetoa chochote nichoshwe tena vile.

Mtaa mzima ulishika jambo moja tu, kwamba anayemudu semi anamudu kila chenye magurudumu. Hata mama yangu aliamini hivyo.

Kisha bibi, mama yake mjomba, akafariki kijijini Matombo. Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Ukoo ulikodi Costa, tukapanda na vikapu vyetu, na hapo ndipo dereva akapandwa na homa hata kusimama hawezi. Macho yote yakamgeukia mjomba.

"Sina C1," akasema. "E hainiruhusu kubeba abiria."

Mama akamjia juu. "Kaka, una akili timamu kweli? Anayezikwa ni mama yetu!"

"Najua, dada. Lakini nyinyi si magunia. Gunia likianguka, naokota."

Mtu akamshauri achukue pikipiki atangulie. Akakataa hilo pia. Alisema kwamba yeye akiondoka, tungempa usukani yeyote atakayejitokeza, na mimi naamini tungempa. Basi akaenda stendi kutafuta dereva mwenye C1, huku ndani ya gari watu wanamsema vibaya bila kupunguza sauti. Jua lilikuwa limepanda sana aliporudi naye. Kabla hajamruhusu kukaa, aliisoma leseni yake mbele na nyuma. Wengine walisonya.

Njia ya milimani ilikuwa na matope, na yule dereva aliendesha taratibu. Mjomba alikaa kiti cha nyuma kabisa. Hakuna aliyemsemesha.

Tulikuta wameshazika. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume hushuka kaburini kumpokea mzazi wake, na bibi alikuwa na mtoto wa kiume mmoja tu. Walioshuka ni wapwa wa bibi waishio pale kijijini. Nilimfuata mjomba makaburini kwa sababu niliona haya kumwacha aende peke yake.

Udongo ulikuwa bado mbichi. Akavua viatu, akachuchumaa, akaweka kiganja juu yake.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimechelewa. Nimekuletea watu wako wote, wazima."