Mlio Mmoja Kutoka Kilimani

Kila asubuhi simu ya Verla Rusk iliita mara moja ikanyamaza, naye hakuipokea. Ilikuwa ni mdogo wake Lyle, aliyeishi peke yake na ng'ombe wake nyuma ya kilima cha Badger, karibu saa nzima kwa gari kutoka mjini Halden. Mlio ule ulikuwa na maana moja tu: nimeamka, niko mzima, endelea na kahawa yako. Verla aliitazama simu pale mezani, akasema, "Haya, mdogo wangu," kisha akamimina kahawa.

Mchezo huo wa kubipu walirithi kwa mama yao. Inga Tofte alikuwa opereta wa simu wa Halden enzi za nyaya, ubao wa kuunganishia simu umesimama sebuleni kwake na wilaya nzima ikipita baina ya masikio yake. Siku hizo simu ya mbali ilitozwa ikipokewa tu, kwa hiyo jimbo zima la Montana, huko Marekani, liliujua ujanja: ukifika salama, piga, iache iite mara moja, kata. Kazi ya Inga ilikuwa kuukomesha ujanja huo. Badala yake aliwafundisha wanawe kabla hata hawajajua kusoma.

"Atakayepokea mlio mmoja nitamchapa kwanza," aliwaambia, "halafu ndiyo nimuulize."

Wakashika. Verla alizeeka akiwa ameshika hivyo hivyo.

Aliolewa na Duane Rusk, dereva wa lori la ngano, mtu mkimya ambaye alifariki kwa ukimya ule ule, mbele ya televisheni. Hawakujaliwa watoto. Maisha yake ya kazi yote Verla aliyamalizia kaunta ya Ushirika wa Simu wa Halden, akipokea malalamiko. Alikuwa na ulimi. Mkulima mmoja aliwahi kumfokea kwamba simu yake haisikiki, naye akamjibu kwamba yeye anamsikia vizuri sana, na hapo hata simu hawatumii. Alipostaafu wakamchagua kwenye bodi, nadhani kwa sababu waliogopa kumnyima.

Ni Verla aliyeinua mkono wa kwanza siku bodi ilipoamua kujenga mnara wa simu za mkononi juu ya Badger. Kampuni kubwa za mijini hazikutaka hata kuulizwa habari ya kilima chenye ng'ombe wengi kuliko watu. Ushirika ukanunua mitambo ya Kichina, kwa kuwa ndiyo waliyoiweza kwa bei. Mnara ukawaka, nyaya za shaba zilizokuwa zikifika kwa Lyle zikang'olewa, na siku hiyo hiyo Lyle akampigia.

"Dada! Niko katikati ya shamba, nakojoa, na bado naongea na wewe. Mama angesemaje?"

"Angesema kata simu, mshenzi we!"

Basi Lyle akawa hewani, na Verla akalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Katikati ya ngano ya Lyle palikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa seng'enge. Serikali ilikitwaa tangu baba yao yuko hai. Ndani yake hamkuwa na cha kutazama, ni zege tu na vigingi vichache, lakini chini ya zege lilisimama kombora linaloweza kuufuta mji mkubwa ng'ambo ya dunia. Lyle alilima akilizunguka. Misafara ya wanajeshi ilipopita, aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama anavyosalimiwa jirani yeyote.

Kisha sheria ikatoka Washington: mitambo ile ing'olewe nchi nzima, mtandao wa sasa na wa kizazi kipya usiwe na mkono wa kigeni ndani yake. Akaja bwana mmoja wa serikali kuwaelewesha, anaitwa Kessler, mpole, buti zake mpya kabisa. Wakakaa chumba cha nyuma cha ushirika, kahawa nyepesi mbele yao.

"Hakuna anayesema mmesikilizwa," alisema Kessler. "Tunasema mnaweza kusikilizwa. Na huko tuendako, mtandao ndio utakaoendesha pampu, matrekta, hospitali. Mwenye mtambo atakuwa ametushika koo."

Orrin Moe, mjumbe wa bodi anayependa kuchekesha, akadakia, "Mchina akinisikiliza mimi atasikia mke wangu ananituma maziwa. Aandike na yeye amletee mkewe!"

Watu wakaangua kicheko. Kessler naye akacheka, kisha akauliza taratibu, "Na msafara ukipita kwenda kwenye kombora, wale vijana huwa wanazima simu zao?"

Orrin akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Verla hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mama yake alijua mke wa mchungaji ana mimba kabla ya mchungaji mwenyewe, na hakuna aliyemwambia. Alijua kwa kuona tu nani anampigia daktari, na mara ngapi. Verla alikua chini ya sikio kama hilo na alijua linavyoweza kula mji mzima pole pole. Mnara alioupigia kura yeye ulikuwa umesimama kilimani miaka yote hiyo ukilichungulia kombora, na ukimchungulia Lyle.

"Nauliza kimoja," alisema. "Kati ya kuzima na kuwasha, watu wa nyuma ya kilima watakuwa hewani kwa mnara gani?"

Kessler akamgeukia Garth Pruitt, meneja wa ushirika. Garth alijikuna shingo.

"Mnara wa Badger ndio wa kwanza kuzimwa, Bi Verla, kwa sababu ya kombora. Ila wapanda minara ni wachache, kila jimbo linawagombania, na pesa ya serikali imekuja nusu. Kwa hiyo kwa muda watashika mnara wa hapa mjini, kwa mbali."

"Kwa mbali ndiyo nini?"

"Simu itapita, mama. Siku nyingine itasuasua."

Ilipofika kura ya kuuzima, Verla aliinua mkono. Alikuwa wa kwanza tena.

Jumapili alimfuata Lyle. Wapanda minara walikuwa wameshaanza kazi, na kutoka dirisha la jikoni waliwaona wakiteremsha masanduku meusi kwa kamba, moja moja. Lyle alikuwa anakula mayai na viazi, akipangusa sahani kwa mkate.

"Njoo ukae kwangu mpaka wamalize," alisema Verla.

"Na mitamba yenye mimba? Utailaza chumba cha wageni?"

"Sitanii, Lyle. Una goti bovu na akili mbovu zaidi."

"Goti bovu, kidole kizima." Akakiinua kidole gumba. "Dada, mimi sina hotuba ya kukupa asubuhi. Nahitaji mlio mmoja tu. Hata mtandao uwe wa hovyo namna gani, hautashindwa na mlio mmoja."

Verla alicheka. Mpaka leo anajilaumu kwa kicheko hicho kuliko kwa mkono aliouinua.

Baridi ilikuwa kali mwaka ule. Theluji ililala juu ya Badger na mnara ukasimama mtupu, mifupa tu, ukivuma upepo ukipita. Mlio ulikuja. Siku nyingine ulichelewa, na Verla alishavaa koti na kushika ufunguo wa gari roho mkononi, ndipo simu ikaita mara moja pale mezani. Hapo alikaa chini na koti lake hivyo hivyo, akamimina kahawa. Hakumwambia Lyle. Mwishoni mwa Februari Garth akaleta habari njema: wapanda minara wamerudi, mitambo mipya imefika, mwezi Machi mnara utawaka.

Siku ya kuuzindua ilipangwa iwe sherehe, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Kessler mgeni rasmi. Asubuhi Verla alikuwa anasukuma mikate ya viazi ya kupeleka, unga mpaka kwenye viwiko, simu ikaita mara moja ikanyamaza.

Ilikuwa mapema kidogo. Akafikiri, mitamba imemwamsha.

"Haya, mdogo wangu," alisema, akaendelea kusukuma. Nje theluji ilikuwa inaanguka ile laini isiyo na upepo. Alijisikia mwepesi. Alivaa koti lake la bluu la kanisani na akapaka rangi ya mdomo, kitu ambacho hakukifanya tangu Duane azikwe.

Ukumbini kulikuwa na keki yenye umbo la mnara. Kessler alihutubia. Alisema mtandao imara huanzia mahali kama Halden, na kwamba kuanzia leo hakuna sikio la kigeni juu ya Badger. Watu walipiga makofi. Verla alipiga kwa nguvu, maana aliamini, na hata sasa ukimuuliza atakwambia bwana yule hakusema uongo hata neno moja.

Garth alimjia na kikombe mkononi, macho mekundu kwa kukesha, anacheka peke yake.

"Bi Verla, acha tu! Tumetoka jasho na baridi yote hii. Tulipouwasha alfajiri, simu zote za kule nyuma zilikuwa zinaita mara moja halafu zinakata. Hata ya sherifu! Unapiga, mlio mmoja, paa, imekufa. Vijana wamelimaliza tatizo sasa hivi. Sasa hivi ni safi, mama, unamsikia mtu mpaka anavyomeza mate."

Verla aliweka kikombe chake ukingoni mwa meza. Hakikukaa, kikaanguka.

"Zote?"

"Zote. Kwani vipi?"

Alikuwa ameshatoa simu. Akampigia Lyle. Iliita, na Garth alisema kweli, mlio ulikuwa safi kama vile simu iko chumba cha pili. Iliita tena. Iliita tena na tena mpaka ikakata yenyewe, na katika mlio ule wote hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Nipeleke," alisema. Garth alimtazama usoni mara moja, akatafuta ufunguo.

Garth aliendesha kwa kasi kuliko theluji ilivyoruhusu, na Verla alipiga, akasubiri, akapiga. Juu ya Badger antena mpya zilikuwa nyeupe, nzuri. Chini yake seng'enge ilikuwa wima na taa yake inawaka, na gari la walinzi limeegeshwa getini. Kila kitu kilichotakiwa kulindwa pale kilikuwa salama.

Nyumbani kwa Lyle moshi haukutoka. Mbwa alikuwa ameketi mbele ya banda la kuzalishia, hakubweka wala hakusogea. Verla alishuka, akapiga tena, na safari hii aliisikia. Ilikuwa inaita ndani ya banda.

Aliufuata mlio.

Mtamba alikuwa amesimama pembeni anamlamba ndama aliyekwisha kukauka manyoya. Lyle alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, mbali na kizimba, simu kwenye majani mbele ya kidole chake kizima, ikiita. Garth aliivua kofia yake. Verla alipiga magoti na koti lake la bluu, akamgusa shavu. Lilikuwa baridi kama kitasa cha mlango.

Daktari alimwambia kwamba teke la mtamba lilimpata kifuani na kwamba alikwenda papo hapo, hakuteseka. Ni mtu mwema, daktari yule. Verla alimshukuru. Hakumwambia kwamba aliuona mburuzo kwenye majani, kutoka kizimbani mpaka mlangoni, upana wa mtu, na mahali pawili katikati ambapo majani yalilala chini kama mtu alipumzika.

Mazishini Kessler alileta maua na akasimama nyuma, buti zake sasa zimechakaa kidogo. Garth alishindwa kumtazama Verla usoni. Verla alimfuata yeye mwenyewe, akamshika mkono.

"Mlio ulikuja, Garth," alimwambia. "Mtandao wako ulinifikishia. Alikuwa ananiita nimwokoe, na mimi ndiye nilisema 'haya, mdogo wangu', nikaendelea na unga."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nitasema nini kingine?"

Bado yumo kwenye bodi. Anapiga kura kama zamani, ila hainui mkono wa kwanza tena. Husubiri, akitazama mikono ya wengine, na huinua ule wa mwisho. Na kila mtu Halden anajua kwamba ukimpigia Verla Rusk, awe muuza bima, awe mtu aliyekosea namba, simu haimalizi mlio wa kwanza. Huipokea upesi, wala hasemi haloo. Unasikia pumzi yake tu, karibu kabisa, safi, anasubiri useme wewe ni nani.