Mzabibu Ulioponea Jikoni

Asubuhi ile Siwema, mke wangu, alikunywa chai, akachukua kisu, akaenda uani kwenye mzabibu wake. Severa, mpangaji mwenzetu, alikuwa akifunga mizigo, anahamia Ilala na mumewe. Siwema akamkatia kijiti. Chini alikikata sawa, juu mshazari. Akakiviringisha kwenye gunia bichi, akampelekea mlangoni.

Adhuhuri moyo wake Siwema ulisimama, akafariki.

Mzabibu huo una habari yake. Mwaka wa hamsini na nne Jashoda, jirani yetu Mhindi, aling'olewa mzabibu wake. Mumewe alikuwa anajenga ghorofa. Jashoda alilia. Siwema akamwambia, "Nipe matawi. Hautakufa."

Akaja na fungu la vijiti. Akalifunga kwenye gunia lenye maji, akaliweka kivulini uani ili macho, vile vifundo vya kuchipulia, yaamke kabla ya kupanda. Nikamcheka.

"Zabibu, Kariakoo? Kwenye mchanga huu?"

"Muhogo si unaota? Nao si kijiti?"

Severa ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Moshi. Mvua ilinyesha, kuni zikalowa. Akaona fungu la vijiti, akalitia jikoni. Uani kote hatuonani, watu wanakohoa. Siwema akatoka, akakuta gunia tupu.

Nilidhani watashikana. Siwema aliingiza mkono motoni, akaokoa kijiti kimoja tu, nacho kimeungua ncha. Severa alikuwa amepiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilidhani kuni."

Siwema alimtazama, machozi yanamtoka, ya moshi au ya nini sijui. Akasema, "Kweli wewe umetoka Moshi."

Uani kote kicheko. Hata Severa alicheka huku analia.

Siwema akakata palipoungua, yakabaki macho matatu. Akakipanda kwenye nusu debe la mchanga, macho mawili chini, moja juu. Wapangaji hawakumwacha.

"Bi Siwema, mkaa wako umeota?"

Kumwagilia alimpa Severa, yule yule. "Kidogo kidogo. Maji mengi yanaozesha." Mimi nilitaka kukivuta nione kama kina mizizi, akanipiga mkono.

Siku jicho la juu lilipotoa jani, wa kwanza kuitwa alikuwa Jashoda. Aliligusa kwa kidole.

Mzabibu ule leo umefunika paa la bafu. Zabibu zake chachu. Jashoda huja kuzichuma za achari. Mtu mwenye moyo kama wa Siwema mimi sijamwona tena.

Jana Severa alikuja kutoka Ilala kunijulia hali. Kasema kijiti chake kimetoa jani. Nikamwuliza Severa maneno aliyoambiwa na Siwema siku ile mlangoni. Nilikuwepo, nilisikia. Nilitaka tu kusikia tena.

Akanitajia vile vile: "Huku kulikokatwa mshazari ndiko juu, mwanangu. Na safari hii nisione moshi."